Shilingi 200 ya Saa Nne

Mama mpendwa, mwezi huu hebu tuifuate ile shilingi 200 unayompa mtoto asubuhi anapokwenda shule. Sisi tuliifuata, hapa Bukundi, wilaya ya Meatu. Kengele ya saa nne ilipolia watoto walikimbilia chini ya mti wa wauzaji, kisha wakarudi, huyu midomo myekundu kwa ubuyu wa rangi, yule ananyonya barafu ya maji na sukari. Mmoja wa watoto wetu wenyewe alikuwa na pipi nne. Tuliona aibu, maana aliondoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi tupu.

Kwa mtoto huyo, mia mbili ile ndiyo chakula cha asubuhi. Pipi humtuliza kidogo tu. Saa sita anasinzia, na mwalimu anadhani ni mvivu. (Na ninyi mnaojiweza, soda ya mililita 300 mara nyingi ina sukari ya vijiko saba au vinane vya chai.)

Je, tuwafukuze wauzaji? Hapana! Ni shemeji zetu na majirani, na faida ile ndogo ndiyo inunuayo sabuni na daftari. Tulikaa nao tukaulizana nini kingine chaweza kuuzwa kwa bei hiyo. Wakataja wenyewe michembe, matobolwa, karanga, maziwa mgando, na ubuyu ule ule usiotiwa rangi, ambao una vitamini C. Mmoja akasema kweli: pipi haiozi, lakini maziwa yasiponunuliwa ni hasara yake. Basi tukakubaliana aanze na kiasi kidogo, yaliyochemshwa kwanza, nasi tuwaagize watoto wetu wanunue kwake. Karanga zenye ukungu zitupwe kabisa, kwani kukaanga hakuondoi sumukuvu.

Hata hivyo uji wa shule unashinda vyote. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wengi wetu tulidhani na chakula kitatoka serikalini. Sivyo; chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki mikononi mwa wazazi. Kwa hiyo mavuno yakikaribia, zungumza na baba watoto mapema, kabla magunia hayajauzwa, debe moja litengwe kwa ajili ya uji, na umpelekee mwenyekiti wa kamati ya shule.