Mnunuzi naye aambiwe kilichomo ndani ya bidhaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya. Wengi huidhani ni sheria ya wenye viwanda peke yao, lakini mimi naiona inamgusa hata mkulima anayekwenda gulioni kununua baiskeli.

Sheria hiyo, ijulikanayo kwa jina la REACH, ilipitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika Juni 1, 2007. Chini yake, Wakala wa Kemikali wa Ulaya, wenye makao yake Helsinki, Finland, unaweka orodha ya kemikali za kutiliwa mashaka makubwa, kama zile ziletazo saratani au kuharibu uzazi. Orodha ilianza Oktoba 2008 ikiwa na kemikali 15. Leo zimezidi 200. Kuwamo katika orodha si kupigwa marufuku. Maana yake ni kwamba bidhaa ikiwa na kemikali hiyo kupita asilimia 0.1 ya uzito wake, mwuzaji lazima amwarifu mfanyabiashara anayeinunua kwake, na mwananchi wa kawaida akiuliza lazima ajibiwe katika siku 45, bila kutozwa hata senti.

Sasa, asilimia 0.1 ya uzito wa nini? Hapo ndipo palipozuka ubishi, na ubishi wenyewe ni hesabu ya darasa la saba. Tuchukue baiskeli ya kilo 15. Mipira yake miwili ya kushikia usukani ina gramu 200, na ndani ya mipira hiyo mna gramu 10 za kemikali iliyomo katika orodha. Ukigawa gramu 10 kwa uzito wa baiskeli nzima, yaani gramu 15,000, unapata kama asilimia 0.07. Mwenye duka amepona, hana la kumwambia mtu. Ukigawa kwa uzito wa mipira yenyewe unapata asilimia 5, yaani mara 50 ya kipimo. Kemikali ni ile ile na viganja vinavyoshika ni vile vile. Kilichobadilika ni kigawanyo tu.

Maelekezo ya Wakala huo yaliruhusu hesabu ile ya kwanza. Ufaransa na nchi nyingine kadhaa zikaikataa, na vyama vya wenye maduka wa Ufaransa vikaupeleka msimamo wa serikali yao mahakamani. Septemba 10, 2015, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg iliamua kwamba kitu kilichokwisha kuwa bidhaa hubaki bidhaa hata kikifungwa katika bidhaa kubwa zaidi. Mpira uhesabiwe peke yake.

Mimi naunga mkono uamuzi huo, ingawa najua unamtwisha mwagizaji kazi. Inambidi aulize kila kiwanda kilichotengeneza sehemu, nacho kiulize kilikonunua, mpaka afikiwe aliyechanganya plastiki. Karatasi yenye mhuri isemayo "tumefuata sheria" haina thamani iwapo aliyeitia sahihi hakujua kilichomo.

Hata hivyo sheria hiyo ina tundu. Mwenye bidhaa isiyo na kemikali hizo halazimiki kujibu, basi mnunuzi akinyamaziwa hajui kama bidhaa ni salama au amepuuzwa. Tena ni lazima yeye aanze kuuliza. Kwa kemikali nne za kulainisha plastiki Ulaya haikungoja maswali: katika vitu vya kuchezea watoto na katika plastiki igusayo ngozi kwa muda mrefu, kipimo cha asilimia 0.1 ya plastiki yenyewe sasa hakiruhusiwi kupitwa.

Hapa kwetu tunayo sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, tunaye Mkemia Mkuu wa Serikali, na tunalo Shirika la Viwango. Sisemi hawafanyi kazi. Nasema dukani hakuna wa kuulizwa. Nilimwuliza mwenye duka la vipuri hapa kijijini mipira anayouza imechanganywa na nini. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hiyo si plastiki tu?" Simlaumu, kwani hata aliyemwuzia mjini hakuambiwa. Lakini mtoto wa darasa la kwanza huitia kalamu mdomoni kabla hajaiandikia neno moja.

Kiwanda kinachouza Ulaya kinatakiwa kiwe kimekwisha kujua kilichomo katika kila sehemu. Jibu lipo. Mwagizaji wetu anayenunua katika kiwanda hicho hicho ashurutishwe kuliomba na kuja nalo, tuanze na vifaa vya shule na vya kuchezea watoto, na mnunuzi apewe haki ya kuuliza na kujibiwa katika siku zilizowekwa. Wahusika wanasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Iringa.