Kwao ni wapi?

Jumamosi, baada ya zamu ya usiku, nilimpeleka mwanangu kwenye soko la vitu vya kale. Tangu aione hazina ya Staffordshire katika makumbusho ya Birmingham, anataka kitu chake mwenyewe cha Waanglo-Saksoni au Wavaikingi. Tukaona bizimu ya shaba ya kufungia joho, pauni 60. Pesa nilikuwa nayo.

Nikamwuliza muuzaji ilipatikana wapi. "Kwa mzee mmoja," akasema. Karatasi hana.

Wodini, mgonjwa akiletwa bila faili, namhudumia lakini simjui. Bizimu nayo ni hivyo. Shamba ilimolala, na vitu vilivyokuwa kando yake, ndivyo vinavyotusimulia aliyeivaa. Ikichimbuliwa kwa siri, habari hizo hazirudi. Mwaka 2015 watu wawili walichimbua hazina ya Wavaikingi karibu na Leominster, wakaificha badala ya kuiripoti ndani ya siku 14 kama sheria inavyotaka. Walifungwa mwaka 2019, lakini sarafu nyingi, kati ya zinazokadiriwa kuwa 300, hazikupatikana.

Nikairudisha mezani. Mwanangu akanuna hadi nyumbani. "Mama, bizimu imekosa nini?" Haikukosa kitu, mwanangu. Ila wezi huchimba kwa sababu wanunuzi hawaulizi.

Wazazi wenzangu, huku ughaibuni tumechoka kuulizwa kwetu ni wapi. Lakini kabla ya kununua kitu cha kale, swali hilo liulizeni, na jibu liwe kwa maandishi.