SIMU MPYA NA MBIO ZA SAKAFUNI

Wahenga walinena kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Likizo iliyopita kaka yangu, mwendesha bodaboda, aliona simu mpya dukani. Bei taslimu ilikuwa shilingi 15,000. Hakuwa nazo, basi akaichukua kwa mkopo: arbuni 3,000, kisha 60 kila siku mwaka mzima.

"Sitini ni pesa gani, wewe?" akaniuliza.

Nikapiga hesabu. 60 mara 365 ni 21,900. Ukiongeza arbuni, 24,900. Karibu elfu kumi zaidi! Punde mvua ikanyesha wiki nzima, abiria wakaadimika, malipo yakakwama na simu ikafungwa. Ikawa kama kipande cha tofali. Mama akauza mbuzi aliyetengewa karo yangu.

Sisemi simu ni mbaya, la hasha! Nasema tungoje. Simu iliyotoka jana, mara nyingi bei yake hushuka baada ya miezi kadhaa. Weka akiba, nunua taslimu, dai risiti, kisha bonyeza *#06# ulinganishe nambari na ile ya kwenye kisanduku. Nikimaliza Kidato cha Nne, nami nitafanya vivyo hivyo. Je, mwenzangu, ya nini kukimbilia ukingoni?