Mafundi wa Pointi Waitwe Darasani

Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ilibeba abiria kwa miaka mingi kwenye barabara ya Kisumu–Kisii inayopita Oyugis, Homa Bay.

Ikigoma kuwaka, fundi alifungua kifuniko cha distributa, akasugua pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme wa koili, kwa msasa hadi weusi ukatoka, akapima mwanya wake usiofika hata nusu milimita. Betri ikifa, gari lilisukumwa, dereva akaachia klachi kwenye gia ya pili.

Ujuzi huo unapotea. Vyuo vya ufundi vya Homa Bay viufundishe: mwanafunzi aliyeona pointi zikiachana, kisha koili ikitoa cheche ya maelfu ya volti ataelewa haraka kazi ambayo leo inafanywa na kompyuta. Wazee wa jua kali wapo, walipwe wafundishe.