Bastola Ipi? Swali la Wafanyabiashara Wawili



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, chini ya mwarobaini wa parokia moja ya mkoa wetu wa Singida, waungwana wawili, wanunuzi wa vitunguu na alizeti, walikuwa wakijadiliana kwa dhati. Hawakujadili bei ya gunia pale Misuna, wala mchango wa kuezeka nyumba ya mapadre. Walijadili bastola. Mmoja alikusudia kuomba leseni ya Glock 17. Mwenzake akamsihi achukue Glock 19. Kisha wakaingia katika vifaa vya kulengea: vile vya plastiki vinavyotoka kiwandani, vile vyenye vidoa ving'aavyo gizani, au kile cha kioo chenye kidoa chekundu? Nilisikiliza hadi mwisho. Hakuna aliyeuliza kama bastola yenyewe inahitajika.

Tuanze na swali lao wenyewe, tusije tukaambiwa kwamba watu wa Haki na Amani hunena wasiyoyajua. Silaha hizo mbili ni za kiwanda kimoja cha Austria. Ya kwanza ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ya pili ikatoka mwaka 1988. Zote hutumia risasi ya milimita 9. Mitutu yake inapishana kwa takriban milimita 12, yaani unene wa kidole, na makasha ya risasi yanapishana kwa risasi mbili: 17 kwa 15. Huo ndio ubishi wote. Wanachokiacha ni kile ambacho bastola hizo zinafanana. Kwa kawaida hazina kizuizi cha usalama cha kusogezwa kwa kidole, na ili kuifungua kwa kuisafisha sharti kwanza uvute kifyatuo. Basi mtu akitoa kasha na kusahau risasi iliyobaki ndani ya chemba, atapiga chochote kilicho mbele yake: ukuta, kitanda, mtoto.

Na hivyo vya kulengea? Vidoa ving'aavyo hutumia tritiamu, ambayo hupoteza nusu ya nuru yake katika miaka ipatayo 12. Kidoa chekundu kinategemea betri. Ni vifaa vyema kwa mtu anayelenga karatasi umbali wa mita 25, mchana, pumzi zake zikiwa zimetulia. Anayeamshwa saa nane za usiku na mlango unaovunjwa hana mita 25. Ana hatua tatu, giza, na watoto wanaokimbia kati yake na mwizi. Hakuna kioo kitakachomwambia kivuli kile ni cha nani.

Najua nitajibiwa: “Mwalimu, wewe hubebi fedha za watu begani.” Jibu hilo lina uzito. Kanisa halijamnyima mtu haki ya kujilinda. Katekisimu ya mwaka 1992 inaikubali, kwa kiasi. Tena hupenda kutukumbusha zile panga mbili ambazo wanafunzi walimwonyesha Bwana katika Injili ya Luka. Na wasome mbele kidogo! Usiku uleule upanga ulichomolewa, ukakata sikio la mtumwa, mtu asiyekuwa na amri juu ya lolote, na Bwana akawa na kazi ya kuliponya.

Wala hasira haiulizi cheo. Novemba 2006, jijini Dar es Salaam, dereva wa daladala aliuawa kwa risasi ya bastola katika ugomvi wa barabarani. Aliyeshitakiwa ni mkuu wa mkoa jirani yetu wa Tabora wa wakati huo. Shitaka la mauaji lilipunguzwa kuwa la kuua bila kukusudia, naye akafariki mwaka 2008 kabla mahakama haijatoa hukumu. Pasipo bastola ndani ya gari, ugomvi kama ule huishia kwa matusi.

Sasa niseme lile litakalowaudhi. Mwizi huitwa na fedha taslimu. Tangu mwaka 2008 nchi hii inatuma fedha kwa simu, na benki zipo mjini. Kwa nini basi baadhi yetu bado tunakwenda mashambani usiku na mfuko wa noti? Kwa sababu malipo ya simu huacha kumbukumbu, na anayenunua lumbesa hataki kumbukumbu. Gunia limeshonewa kilemba, mkulima wa Iramba au Mkalama analipwa gunia moja kwa mzigo wa moja na nusu, ushuru umekwepwa. Halafu mnunuzi anaogopa njiani! Anataka bastola ilinde faida ambayo mizani ingeihukumu.

Wazee wetu wanaikumbuka sungusungu, iliyoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatufikia na huku, na ambayo sheria iliitambua mwaka 1989. Ilikuwa na makosa mazito. Watu walipigwa, vikongwe wakasingiziwa uchawi. Hatulifichi hilo. Lakini mwizi aliogopa yowe, kwa kuwa kila mlango ulifunguka. Mwenye bastola huzungusha ukuta, akafuga mbwa, na yowe la jirani likipigwa husema si lake.

Upo pia upande wa magobore yaliyofichwa darini, pasipo leseni, kinyume cha sheria ya silaha ya mwaka 2015. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na muda huo umeongezwa hadi mwaka 2030. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waulize mapema kituo cha polisi juu ya utaratibu uliotangazwa, kisha wamsindikize mwenye silaha. Asiende peke yake. Na wale waungwana wawili wa chini ya mwarobaini tunawaalika katika kikao kijacho cha halmashauri ya walei. Waje na gunia moja moja la vitunguu, kama walivyolinunua. Mizani tutaileta sisi.