Kazi za Mikono: Kiboko wa Mti kwa Anayeanza Kuchonga

Wahenga walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Methali hii hutumiwa sana kumwonya mtu alaye akiba yake kidogo kidogo. Lakini yeyote atakaye kujifunza kuchonga sanamu ya mti yampasa kuishika kwa maana yake halisi, kwa kuwa bandu likisha kuanguka halirudishwi mahali pake. Mfinyanzi akikosea huukanda udongo wake tena, na mshonaji hufumua uzi. Mchongaji hana njia hiyo.

Katika Kenya ufundi huu umejulikana hasa kwa Wakamba. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu upande wa Machakos, alijifunza kuchonga sanamu huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, naye aliporudi kwao kazi hiyo ikaenea kwa jamaa na majirani zake, kisha ikafika Nairobi na Mombasa. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa walianzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe, na watoto wengi wamesomeshwa kwa fedha za twiga na vifaru wa mti.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Miti iliyopendwa sana ni muhugu na mpingo, migumu na yenye rangi nzuri, nayo hukua pole pole mno. Apandaye mche wa mpingo leo hatarajii kuuchonga mwenyewe. Misitu ya muhugu ikapungua, hata katika miaka ya 1990 wachongaji wakashauriwa kutumia miti ikuayo upesi zaidi, kama mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Basi anayeanza na aanzie hapo. Si haki kuharibu kipande cha muhugu kwa kujifunza, maana tawi la mjakaranda litaota tena, na muhugu hautamngoja mtu.

Sanamu ifaayo kwanza ni kiboko aliyelala. Twiga ana shingo nyembamba na swala ana miguu myembamba, na sehemu kama hizo huvunjika upesi katika mkono usiozoea. Kiboko ni mnene kila upande, tena akilala miguu yake haionekani. Ukimpunguza kuliko ulivyokusudia, huwa kiboko kijana, wala hapana atakayekucheka.

Chukua kipande cha mjakaranda kisicho na vifundo, urefu wake inchi 5, upana na kimo inchi 2 na nusu. Nyuzi za mti zielekee urefu wake, yaani toka pua mpaka mkia. Vyombo ni vichache: penseli, msumeno mdogo, msasa, jiwe la kunolea, na kisu kifupi ambacho mpini wake hautikisiki. Kinoe kisu mpaka kikate karatasi bila kuichana. Wengi huogopa kisu kikali, kumbe kilicho butu ndicho kiletacho hatari, kwa kuwa humlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu, kisha kikateleza.

Kaa kitako, viwiko vikiwa juu ya magoti, wala usichonge juu ya paja. Funga kitambaa kinene katika kidole gumba cha mkono ushikao mti. Kata vipande vidogo vidogo, ukikisukuma kisu kwa kidole gumba hicho, na makali yakielekea mbali nawe.

Kwanza chora umbo la kiboko kwa ubavuni: pua pana, kibonde kidogo penye shingo, mgongo wa mviringo. Penye shingo kata kwa msumeno mpaka karibu na mstari, ili bandu lisipasuke likaenda mbali. Ondoa yaliyo nje ya mstari, kisha chora umbo lionekanalo kwa juu, ukate vile vile. Ndipo uzivunje pembe nne, umzungushe mwili wake. Masikio, macho na pua ni mambo ya mwisho kabisa. Anayeanza kwa macho humaliza na macho mazuri katika kichwa kilichopinda. Masikio yaache mafupi na manene, maana hapo nyuzi zimekatwa na hazina nguvu.

Tena ujue kwamba nyuzi za mti ni kama manyoya ya paka: ukipapasa toka kichwani hulala, ukirudi nyuma husimama. Kata ukishuka toka palipoinuka kwenda palipo chini. Kisu kikizama na mti ukianza kuchanika, usishindane nao. Geuza kipande, ukate toka upande wa pili.

Mti mbichi ni laini kuchonga, lakini hupasuka ukikauka ghafula, hasa kwenye ncha zake. Kwa hiyo kila ukipumzika mfunge kiboko wako katika karatasi, umweke kivulini. Akisha kukauka msugue kwa msasa mzito, kisha mwepesi, ukifuata nyuzi, na umng'arishe kwa nta au rangi ya viatu ya kahawia.

Kiboko wa kwanza asitupwe, hata akifanana na kiazi. Mweke dirishani, na wa pili umweke kando yake, na wa tatu. Hao watakuonyesha maendeleo yako kuliko sifa za rafiki. Mkono ukisha kuijua njia, ndipo utafute kipande cha muhugu, nawe utakishika kwa heshima iliyo haki ya mti ambao huenda uliota kabla ya babu yako kuzaliwa.