Kondakta ninayemtafuta si wa matatu

Nikisema nakusanya rekodi za makondakta, wasee wangu wanacheka. Hapa Nairobi kondakta ni yule anayening'inia mlangoni mwa 46 akigonga bodi ya gari na kuita watu wa Kawangware. Mimi namaanisha yule mwingine, anayesimama mbele ya okestra ama kwaya, amewapa watu mgongo, mikono juu, na mwenyewe hatoi sauti hata moja. Kazi zao zinafanana kidogo: mmoja anaamua gari liondoke lini, mwingine anaamua wimbo uondoke lini. Lakini huyu wa pili akishashusha mikono, kitu pekee kinachobaki ni rekodi. Rekodi ikipotea, ni kama hakuwahi kusimama pale.

Wacha niseme ninachofikiria, na najua kuna watakaonirukia. Santuri zimerudi kuwa fasheni Nairobi, na hiyo ni poa kabisa. Shida ni kwamba tunakusanya vibaya. Tunashindania rekodi ambazo dunia nzima inazo, zile za kwetu tunaziacha zioze kwenye makatoni, halafu tunajifariji ati kila kitu kiko kwa intaneti. Si kweli. Kilichoko kwa intaneti ni kile mtu fulani, siku fulani, alichukua masaa yake akakiweka.

Tuanze na mahali vitu viko. Ukienda Kenyatta Market, pita moshi wa nyama choma, pita wasusi wanaokuvuta mkono, utafika kibanda nambari 570, Real Vinyl Guru, kimejaa santuri mpaka juu. Mjini kuna Melodica, pale Tom Mboya Street, duka lililofunguliwa 1971. Halafu kuna bahati nasibu ya Toi Market, na zile nyumba za Lavington, Kileleshwa na Westlands ambapo familia ikihama, vitu vinauzwa nje ya geti. Hizo za mwisho ndizo zinatoa muziki wa okestra. Watu walikuja na santuri zao kutoka Ulaya, wakaishi hapa miaka, wakaondoka bila kuzibeba kwa sababu ni nzito.

Na unapata nini humo? Karajan. Kila katoni ina Herbert von Karajan, kwenye lebo ya njano ya Deutsche Grammophon. Sina ubaya naye, nina santuri zake na ninazisikiliza. Lakini fikiria hivi: huyo mzee alirekodi simfoni zote tisa za Beethoven mara nne, moja na okestra ya London, tatu na ya Berlin. Mara nne! Kila moja imetolewa tena na tena, kwa santuri, kwa kaseti, kwa sidii, na saa hii iko kwa simu yako. Kibanda kikiungua kesho na Karajan wote waliomo waishe, dunia haitapoteza hata noti moja. Karajan hanihitaji mimi, wala hakuhitaji wewe.

Sasa niambie nani anatuhitaji.

Anza na Boniface Mganga. Wengi wa rika letu hawalijui hilo jina, ama wanamjua kama yule aliyewahi kuwa mbunge wa Voi. Mganga ndiye aliyekuwa akiongoza Muungano National Choir. Ukiuliza wazazi wako, watakumbuka zile nyimbo za kwaya za kizalendo zilizokuwa zikipigwa kwenye redio enzi za VOK, kabla haijaitwa KBC. Lakini kwaya hiyo ilifanya zaidi ya kusifu serikali. Mwaka 1990 kampuni ya Philips ilitoa diski yao, Mganga akiwa kondakta, wakiimba Missa Luba pamoja na nyimbo za kiasili za Kenya.

Missa Luba yenyewe ni hadithi ya kwetu, ama ya jirani. Ni misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Congo, ikaanza kusikika Kamina, kusini mwa Congo, mwaka 1958, chini ya padri Mbelgiji aliyeitwa Guido Haazen. Rekodi ya kwanza ilizunguka dunia, na kipande chake kimoja kikaingia kwenye filamu ya Uingereza iitwayo If.... ya mwaka 1968. Halafu, zaidi ya miaka 30 baada ya Kamina, kwaya ya Kenya na kondakta wa Kenya wakaichukua wakaifanya yao. Hiyo ni historia kubwa. Na bado ukiingia sokoni uulize muuzaji, "Bosi, una Mganga?", atakuuliza Mganga gani, wa wapi.

Kuna mtu atasema, "Si nitaisikiliza tu kwa Spotify ama YouTube?" Sawa, tuseme umeibahatisha. Sauti umepata, lakini diski haikuwa sauti peke yake. Ilikuwa na kijitabu. Rekodi za aina hii ndimo zinamoandika nani aliimba peke yake, nani alipiga ngoma, nani alipanga sauti, wimbo umetoka jamii gani, imerekodiwa wapi. Kwa simu unapata picha ndogo ya jalada na jina la kwaya, basi. Watu 40 wanageuka kuwa neno moja. Ndiyo maana mimi sitafuti sauti tu, natafuta karatasi pia. Kwa mkusanyaji, jalada lililochanika lakini lina majina ni mali kuliko santuri inayong'aa ndani ya bahasha nyeupe.

Na hiyo ni diski ya kampuni kubwa ya kimataifa. Sasa shuka chini, kwa kwaya za makanisa, za shule, za vyuo, za mashirika ya serikali, zilizokuwa na makondakta wakali na zilirekodi kaseti tu, chache, zikauzwa nje ya ibada. Kuna shosho mmoja hapa kwetu Kangemi aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya kama hiyo miaka ya 80. Nilimuuliza kama ana kaseti. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sauti yangu iko mahali, lakini hakuna anayeweza kunionyesha ni wapi." Kaseti yake iliazimwa na haikurudi. Kondakta wao alishafariki. Nimeitafuta Toi, nimeitafuta mjini, nimeuliza kanisani. Bado. Manze, huyo mama anaweza kupata Beethoven ya Berlin ya 1962 kwa sekunde tatu, lakini hawezi kujisikia mwenyewe akiwa na miaka 25.

Hapo ndipo hii kitu inaacha kuwa hobi ya watu wa kahawa na mishumaa.

Usifikirie ati ni sisi tu hufanya hivi. Wajerumani wenyewe yaliwakuta. Wilhelm Furtwängler alikuwa kondakta mkubwa wa Berlin, na redio ya huko ilirekodi matamasha yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipoisha 1945, Wasovieti walibeba kanda nyingi wakaenda nazo Moscow. Zikatolewa huko kwa santuri za Melodiya, na wakusanyaji wa Ulaya wakawa wanazisaka kama dhahabu. Nakala za kanda hizo zilirudi Berlin mwaka 1987. Miaka 42! Na katika muda huo wote, waliozuia jina la muziki huo lisife ni watu wa kawaida waliokuwa na santuri mbaya, za kelele, wakazilinda, wakaandika tarehe, wakabishana ni tamasha gani.

Kwetu pia kuna mfano. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Wakipsigis kule Kericho, na mojawapo ya rekodi hizo, Chemirocha, ikawa maarufu kwa wapenzi wa muziki duniani. Kanda zikakaa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya ILAM. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya watu wa pale kurudishiwa na kusikilizishwa sauti za wazee wao. Zilirudi, shukrani kwa waliohangaika. Lakini zilikuwa za kurudi kwa sababu kuna mtu alizitunza na kuandika zimetoka wapi. Kaseti ya shosho haina Moscow yake wala Afrika Kusini yake. Ikiwa imeisha, imeisha.

Sasa kuna wale wanaolaumu wauzaji, ati wanauzia Wazungu santuri zetu. Mimi siwalaumu. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, bendi za Congo zilihamia hapa kurekodi, na muziki wa Tanzania ulichapwa hapa, kwa hivyo wageni wanajua hasa wanachokuja kutafuta. Mwenye kibanda ana kodi ya kulipa. Akikaa na santuri miaka mitano hakuna kijana wa hapa anaiuliza, halafu mtu anatoka nje na doo mkononi, unataka afanye nini? Kinachoniuma si santuri kupanda ndege. Kinachoniuma ni kupanda ndege bila nakala kubaki. Kitu kinaweza kuwa Tokyo na bado kiwe chetu, mradi tumebaki na sauti yake na majina yake.

Kwa hivyo hii ndiyo fikra yangu: mkusanyaji wa Nairobi asihesabu santuri ngapi anazo. Ahesabu ngapi ameokoa.

Kuokoa si lazima uwe tajiri. Kwanza, piga picha. Ukiwa kibandani, omba ruhusa, piga jalada mbele na nyuma, lebo ya kila upande, na zile namba zilizokwaruzwa karibu na katikati ya santuri. Namba hizo ndizo kitambulisho chake, zinasaidia kujua ni chapa gani na ya lini. Hata usiponunua, umebaki na ushahidi kwamba hiyo kitu ilikuwepo.

Pili, kama una santuri ama kaseti ambayo huioni mahali pengine, irekodi kwa kompyuta kwa faili kamili, WAV ama FLAC, si MP3 iliyobanwa. Safisha kwanza. Kaseti isichezwe mara kumi kuonyesha marafiki. Kila mara inapita kichwani inachoka. Weka nakala mahali pawili. Na santuri zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua la dirishani. Ukizilaza moja juu ya nyingine, zinapinda.

Tatu, uliza wazee majina saa hii. Kaa na shosho wako ama guka wako na picha ya kwaya, andika nani ni nani. Kompyuta inaweza kupunguza kelele za kanda, lakini haiwezi kukuambia yule wa mstari wa pili anaitwa nani.

Nne, heshimu sheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, rekodi ya sauti hapa Kenya inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na mtunzi wa wimbo ana haki yake mpaka miaka 50 baada ya kifo. Kwa hivyo rekodi ya 1970 na ile ya 1990 si kitu kimoja. Kutunza nakala isipotee ni jambo moja, kuipandisha TikTok upate wafuasi ni jingine. Kwaya iliyoimba bila kulipwa vizuri miaka ya 80 haihitaji sisi tuje tuile mara ya pili. Ukimpata mwenyewe ama familia, ongea nao kwanza.

Na mwisho, hii inatuhusu sisi wenyewe. Nairobi saa hii ina muziki wa okestra kuliko watu wanavyodhani. Conservatoire iko pale karibu na Kenya National Theatre tangu enzi za ukoloni, ilianzishwa 1944. Nairobi Orchestra iko tangu 1947. Ghetto Classics wanafundisha watoto wa Korogocho violini na tarumbeta, na wengine wamefika mbali. Kuna makondakta vijana Wakenya wanaosimama mbele ya okestra kila msimu. Na rekodi ziko wapi? Ziko kwa simu zetu, video ya sekunde 30, kichwa cha mtu mbele, imepandishwa ifutike baada ya masaa 24. Sisi ambao tunalia ati VOK haikutuwekea kitu, tunafanya vilevile, tena tukiwa na vifaa bora mfukoni kuliko walivyokuwa navyo wao.

Ukienda tamasha mwezi huu, omba ruhusa, rekodi wimbo mmoja mzima bila kuongea. Chukua ile karatasi ya programu wanayogawa mlangoni, usiiache kwa kiti. Andika nyuma yake tarehe, ukumbi, na jina la kondakta. Iweke na santuri zako. Miaka 30 ijayo kuna mtoto atakayekuwa akiitafuta, na hataipata kwa mtu mwingine yeyote.